Endometriosisi, msongo wa oksidesheni na uzazi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Endometriosisi ni ugonjwa gani?

Ni ugonjwa ambao tishu zinazofanana na utando wa ndani wa mji wa mimba huota nje ya mji huo. Huota juu ya ovari, kwenye utando unaofunika viungo vya nyonga, kati ya mji wa mimba na utumbo mkubwa, kwenye kibofu, na mara chache hata kwenye kiwambo cha kupumulia. Tishu hizo huitikia homoni. Estrojeni huzikuza, na hedhi ikifika nazo huvuja damu, ila damu yake haina njia ya kutokea. Inabaki ndani, inachoma, na baada ya muda huacha makovu yanayogandisha viungo pamoja.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa takriban asilimia 10 ya wanawake na wasichana walio katika umri wa kuzaa wana ugonjwa huu, yaani watu wapatao milioni 190.

Unasababishwa na nini? Je, ni kitu nilichofanya?

Hapana, si kitu ulichofanya. Maelezo yanayotajwa zaidi ni ya damu ya hedhi kurudi nyuma kupitia mirija ya uzazi na kumwagikia nyongani, wazo lililotolewa na daktari John Sampson katika miaka ya 1920. Lakini damu hurudi hivyo kwa wanawake walio wengi, na wengi wao hawaugui. Kwa anayeugua kuna jambo la ziada: urithi, kinga ya mwili isiyosafisha mabaki hayo, au seli zenye uwezo mkubwa wa kujishikiza na kuota. Utoaji mimba, njia za uzazi wa mpango na magonjwa ya zinaa havisababishi endometriosisi.

Chango la kawaida nitalitofautishaje na endometriosisi?

Maumivu ya kawaida ya hedhi hutulia kwa dawa ya kawaida na hayakulazi kitandani. Yanayotia shaka ni yale yanayokukosesha masomo au kazi, yanayoanza siku kadhaa kabla ya damu, yanayozidi mwaka hadi mwaka, yanayochoma kwa ndani wakati wa tendo la ndoa, au yanayokuja unapojisaidia haja kubwa au ndogo siku za hedhi. Ongeza uchovu usioisha na tumbo kujaa gesi. Wapo pia wasioumwa kabisa, na hugundua wana ugonjwa pale tu wanapotafuta mtoto wasimpate.

Msongo wa oksidesheni ni nini, na unahusianaje na ugonjwa huu?

Kila seli inapotumia oksijeni kutengeneza nishati, hutoa pia molekuli chache kali za oksijeni ambazo zikigusa kitu hukiharibu, kama kutu inavyokula bati. Mwili una vimeng'enya vya kuzizima, vikiwemo superoksidi dismutasi, katalasi na glutathioni peroksidasi. Molekuli hizo zikizalishwa kwa wingi kuliko zinavyozimwa, hali hiyo ndiyo huitwa msongo wa oksidesheni.

Kwenye endometriosisi chanzo kikuu ni chuma. Damu iliyonaswa nyongani huvunjika, na hemoglobini yake huachia hemu na chuma. Seli za kinga ziitwazo makrofaji hukimbilia kuzisafisha, huzidiwa, na zenyewe hutoa hidrojeni peroksidi. Chuma kikikutana na hidrojeni peroksidi huzaliwa radikali ya haidroksili, molekuli kali kupita zote katika kundi hili. Hiyo hukata mafuta ya kuta za seli, hupinda protini na kuvunja DNA.

Mambo hayaishii hapo. Molekuli hizo huamsha NF-kB, protini inayowasha jeni za uchochezi, yaani uvimbe na joto la ndani. Seli huanza kumwaga viashiria kama IL-6 na TNF-alfa, vinavyoita makrofaji zaidi na kuotesha mishipa mipya ya damu na neva. Vidonda, yaani zile tishu zilizoota nje ya mji wa mimba, navyo hujitengenezea estrojeni yao wenyewe kwa kimeng'enya cha aromatasi, hukua, na mwezi unaofuata huvuja tena. Ni mzunguko unaojilisha, ndiyo maana ugonjwa huendelea hata kwa mwanamke mwenye afya njema kwa mengine yote.

Hayo yote yanazuiaje mimba?

Kwa njia kadhaa, na mara nyingi zaidi ya moja hufanya kazi kwa pamoja.

Kwenye ovari hujengeka uvimbe uliojaa damu nzito iliyooza, maarufu kama uvimbe wa chokoleti. Majimaji yake yana chuma kingi kuliko damu ya kawaida. Chuma na molekuli kali hupenya hadi kwenye tishu za jirani, ambako mayai machanga yamehifadhiwa, na kugeuza sehemu hiyo kuwa kovu. Akiba ya mayai hupungua kabla hata kisu hakijagusa ovari.

Yai lenyewe nalo huumia. Linapokomaa huhitaji nyuzi nyembamba za kugawa kromosomu kwa usahihi, na msongo wa oksidesheni huzivuruga nyuzi hizo na kudhoofisha mitokondria, sehemu ndogo za seli zinazolipatia yai nishati. Matokeo yake ni yai lisilorutubika, au kiinitete (yai lililorutubika na kuanza kukua) kinachokwama baada ya siku chache.

Mbegu za kiume hupita kwenye majimaji yenye uchochezi. Utando wake una mafuta mengi yanayooza kirahisi, na ndani hazina akiba kubwa ya vimeng'enya vya kujikinga, hivyo hupoteza mwendo na DNA yake hukatika. Mirija ikiwa imefungwa na makovu, ncha yake haiwezi kulidaka yai. Na utando wa mji wa mimba kwa baadhi ya wagonjwa hauitikii homoni ya projesteroni ipasavyo, hivyo haujiandai vizuri kupokea kiinitete.

Kwa wenza wasio na tatizo, uwezekano wa kushika mimba kwa mwezi mmoja ni kama asilimia 15 hadi 20. Kwa mwenye endometriosisi isiyotibiwa, makadirio ni asilimia 2 hadi 10. Ni kupungua kukubwa, lakini si kufungwa mlango: wengi hushika mimba bila msaada wowote.

Nimeambiwa niko hatua ya 4. Je, ndiyo basi?

Sivyo. Hatua hutolewa kwa alama za kile daktari wa upasuaji alichokiona: alama 1 hadi 5 ni hatua ya 1, 6 hadi 15 ya 2, 16 hadi 40 ya 3, na zaidi ya 40 ya 4. Alama hizo hupima wingi wa vidonda na makovu. Hazipimi maumivu, na hutabiri uzazi vibaya.

Kipimo kinachofaa zaidi kwa anayetaka mtoto ni EFI, kilichochapishwa mwaka 2010, chenye alama 0 hadi 10. Huchanganya umri, miaka mliyotafuta mtoto, kama uliwahi kushika mimba, na jinsi mirija, ncha zake na ovari zinavyoweza kufanya kazi baada ya upasuaji. Ukishafanyiwa upasuaji, omba alama yako ya EFI kwa maandishi. Alama 9 na 2 ni hali mbili tofauti kabisa za kupanga miezi ijayo, hata kama wagonjwa wote wawili wameandikiwa hatua ya 4.

Lazima nipasuliwe ndipo ijulikane?

Zamani ilikuwa hivyo. Mwongozo wa mwaka 2022 wa ESHRE, jumuiya ya wataalamu wa uzazi ya Ulaya, umeacha kuuhesabu upasuaji wa matundu madogo kuwa ndiyo njia kuu ya utambuzi. Historia yako, uchunguzi wa mwili, na ultrasaundi ya kupitia ukeni vinatosha kuanza. Ultrasaundi huonyesha vizuri uvimbe wa ovari na vidonda vilivyozama ikiwa anayepima amezoea kuvitafuta, na MRI, picha ya mashine ya sumaku, husaidia pale utumbo au kibofu vinaposhukiwa. Vidonda vidogo vya juu juu havionekani kwa picha, kwa hiyo jibu la "hakuna kitu" halifuti dalili zako. Kipimo cha damu cha CA-125 hakifai kuthibitisha wala kukanusha. Hupanda hata kwa hedhi ya kawaida.

Nisubiri muda gani kabla ya kutafuta msaada?

Kanuni ya jumla ni miezi 12 kwa aliye chini ya miaka 35, na miezi 6 kwa aliyefika 35. Ukijua una endometriosisi, usifuate hiyo ya miezi 12. Onana na mtaalamu mapema, hasa kama una uvimbe kwenye ovari zote mbili au umewahi kupasuliwa ovari. Muda ndio usiorudishwa na tiba yoyote iliyotajwa kwenye ukurasa huu.

Je, dawa za homoni zitanisaidia kushika mimba?

Hazitasaidia. Vidonge vya uzazi wa mpango, dienojesti ya miligramu 2 kwa siku, na sindano za kuzima ovari hupunguza maumivu kwa kuzuia yai kupevuka, maana yake miezi unayozitumia ni miezi isiyo na nafasi ya mimba. Mwongozo huohuo wa 2022 unashauri zisitolewe kwa lengo la kuongeza uzazi. Zina nafasi yake kubwa kwa asiyetafuta mtoto sasa, au baada ya upasuaji ili uvimbe usirudi. Anayeambiwa "tumia miezi sita kwanza usafishe kizazi" anastahili kuuliza ushahidi wa ushauri huo uko wapi.

Upasuaji unasaidia lini, na unaharibu lini?

Hapa ndipo maamuzi makosa huumiza zaidi.

Kwa vidonda vidogo vya hatua ya 1 na 2, kuviondoa huongeza uwezekano wa mimba. Utafiti uliofanyika Kanada na kuchapishwa mwaka 1997 uligawa wanawake kwa bahati nasibu: walioondolewa vidonda, asilimia 30.7 walipata mimba iliyoendelea kupita wiki 20 katika kipindi cha ufuatiliaji, dhidi ya asilimia 17.7 ya waliochunguzwa tu.

Kwa uvimbe wa ovari mambo ni magumu zaidi. Kuchuna ganda lote la uvimbe hupunguza kurudi kwake na huongeza nafasi ya mimba ya kawaida kuliko kuunyonya na kuuchoma. Lakini ganda hilo limeshikana na tishu nzima ya ovari. Likichunwa huondoka na mayai, na joto la kuzuia damu huunguza mengine. Homoni ya AMH, inayoashiria akiba ya mayai, hushuka baada ya upasuaji huo, na hushuka zaidi ovari zote mbili zinapochunwa. Kupasuliwa mara ya pili kwenye ovari ileile ni hatari kuliko mara ya kwanza.

Kabla ya kusaini fomu, fanya haya: pima AMH na hesabu ya vifuko vya mayai kwa ultrasaundi, uliza daktari amefanya upasuaji wa aina hii mara ngapi, uliza damu ataizuia kwa kushona au kwa kuchoma, na kama akiba tayari ni ndogo, uliza kuhusu kugandisha mayai kwanza. Kunyonya majimaji kwa sindano peke yake hakuna faida ya kudumu, kwani uvimbe hujaa tena.

Anayekwenda moja kwa moja kwenye IVF, yaani kurutubisha yai maabara, kwa kawaida hahitaji kuchunwa uvimbe kwanza ili kuongeza mafanikio. Upasuaji hubaki na sababu ikiwa maumivu hayavumiliki, uvimbe unazuia sindano kuyafikia mayai, au picha inatia shaka ya saratani.

IVF inashinda tatizo hili?

Hulipita kwa sehemu. Yai na mbegu hukutana maabara, mbali na majimaji ya nyonga na makovu ya mirija. Wenye endometriosisi hupata mayai machache kuliko wengine, hasa waliopasuliwa ovari, lakini wakishapata viinitete vizuri matokeo yao hukaribiana na ya wengine. Wakati wa kuvuna mayai, sindano inatakiwa ikwepe uvimbe wa chokoleti. Ikiutoboa, majimaji huchafua mayai na kuna hatari ya usaha nyongani, ndiyo sababu wengi hutoa dawa ya kuua bakteria siku hiyo.

Kwa hatua ya 1 na 2, mirija ikiwa wazi na mbegu zikiwa nzuri, kupandikiza mbegu ndani ya mji wa mimba pamoja na dawa za kuchochea mayai ni njia inayoweza kujaribiwa kwanza. Isivutwe kwa miaka.

Kama tatizo ni oksidesheni, si ninywe tu vidonge vya antioksidanti, vya kuzima molekuli hizo kali?

Swali lina mantiki, na ndilo linalouza vidonge vingi kuliko vinavyostahili. Tulichonacho ni hiki. Katika utafiti mdogo wa wanawake 59, vitamini C ya miligramu 1,000 pamoja na vitamini E ya yuniti 1,200 kila siku kwa wiki 8 vilipunguza maumivu kwa baadhi yao na kushusha viashiria vya uchochezi. Hiyo ni habari njema kuhusu maumivu. Kuhusu kuzaa mtoto, tathmini ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, ya antioksidanti kwa wanawake wenye shida ya kushika mimba imeupima ushahidi uliopo kuwa wa ubora wa chini sana.

Kuna sababu tatu za vidonge kushindwa kufanya kinachotarajiwa. Kwanza, kinachomezwa hugawanywa mwili mzima, wakati chuma kimelundikana ndani ya uvimbe. Pili, kidonge hakizimi chanzo. Damu huvuja tena mwezi ujao. Tatu, mwili huzihitaji molekuli hizi kwa kiasi kidogo: yai halitoki kwenye kifuko chake bila hizo, na mbegu haipati uwezo wa kurutubisha bila hizo.

Ukiamua kutumia, zingatia mipaka. Vitamini C isizidi miligramu 2,000 kwa siku. Vitamini E kwa dozi kubwa huongeza uwezekano wa kuvuja damu, hivyo mwambie daktari kabla ya upasuaji au ukitumia dawa za kuzuia damu kuganda. Vitamini A ya aina ya retinoli isizidi yuniti 10,000 kwa siku, kwani ikizidi huweza kumletea mtoto kasoro za kuzaliwa. Soma lebo zote na ujumlishe, maana makopo mawili tofauti huweza kuwa na kitu kilekile. Mimba ikishika, acha dozi kubwa zote hadi upate ushauri.

Kidonge kimoja kina ushahidi usio na utata, ingawa hakitibu endometriosisi: foliki asidi ya mikrogramu 400 kila siku, kuanzia angalau mwezi mmoja kabla ya mimba hadi wiki ya 12, kuzuia kasoro za uti wa mgongo na ubongo wa mtoto.

Chuma kinaharibu ovari. Niache vidonge vya chuma?

Usiache. Chuma kinacholeta madhara nyongani kimetoka kwenye damu iliyovuja papo hapo, si kwenye kidonge. Upungufu wa damu kutokana na hedhi nzito ni hatari halisi kwako na kwa mimba ijayo. Pima hemoglobini na feritini (inayoonyesha akiba ya chuma mwilini), tibu upungufu, kisha usiendelee kujaza bila kipimo.

Chakula na mwenendo vina msaada wowote?

Mboga, matunda, kunde, karanga na samaki wa mafuta ni chaguo zuri kwa afya na huenda vikapunguza maumivu, ila hakuna mlo uliothibitishwa kuondoa vidonda. Uvutaji sigara ni suala jingine: huongeza msongo wa oksidesheni moja kwa moja na huharakisha kuisha kwa mayai. Ukiweza kubadili jambo moja tu, na wewe au mwenzi wako anavuta, badilini hilo.

Nikishika mimba, nitarajie hatari gani?

Mimba nyingi za wenye endometriosisi huisha salama. Hatari zinazoongezeka ni mimba kutunga nje ya mji wa mimba, mimba kuharibika katika miezi mitatu ya kwanza, kondo la nyuma kukaa chini na kuziba njia, mtoto kuzaliwa kabla ya wakati au na uzito mdogo, na kujifungua kwa upasuaji. Kuhusu kifafa cha mimba tafiti hazikubaliani.

Mfano wa kupima ukubwa wa hatari: kondo kuziba njia hutokea takriban mara 1 katika mimba 200. Hata hatari hiyo ikiongezeka mara tatu, mimba zaidi ya 195 katika hizo 200 hazitapata tatizo hilo.

Chanzo chake kinadhaniwa kuwa kilekile. Ili kondo lishike vizuri, mishipa midogo ya ukuta wa mji wa mimba hutakiwa kupanuka mapema. Uchochezi na projesteroni isiyosikilizwa huvuruga maandalizi hayo, na kondo lenye damu pungufu huzalisha molekuli kali zaidi.

Lipo tukio adimu sana ambalo kila mgonjwa alijue: mshipa karibu na kidonda huweza kupasuka na kuvujia ndani ya tumbo, mara nyingi katika nusu ya pili ya ujauzito. Dalili ni maumivu makali ya ghafla ya tumbo, kizunguzungu na kupauka, pengine bila damu yoyote ukeni. Nenda hospitali mara moja, na useme wazi kwamba una endometriosisi.

Ufuatiliaji wa mimba uweje?

Ultrasaundi ya wiki ya 6 hadi 7 ni muhimu, kuhakikisha mimba iko mahali pake. Kabla ya hapo, maumivu ya upande mmoja, damu, maumivu ya ncha ya bega au kuzirai ni dharura. Kwenye kipimo cha karibu wiki ya 20, hakikisha mkao wa kondo umeandikwa. Likiwa chini, hurudiwa wiki ya 32, na mara nyingi huwa limeshapanda. Shinikizo la damu lipimwe kila hudhurio, na 140/90 au zaidi lisipuuzwe. Uvimbe wa chokoleti huweza kubadili sura wakati wa ujauzito na kufanana na saratani kwenye picha, hivyo beba picha za zamani ili mpimaji alinganishe kabla ya mtu kukimbilia kisu.

Dawa gani ya maumivu ni salama?

Parasetamoli, gramu 1 kwa mara, isizidi gramu 4 kwa siku, na kwa muda mfupi kadiri inavyowezekana. Ibuprofeni, diklofenaki na jamii yake, zikitumika mfululizo siku za katikati ya mzunguko, huweza kuzuia yai lisitoke; zitumie siku za hedhi tu kama unatafuta mimba. Baada ya wiki ya 20 ya ujauzito usizitumie bila agizo la daktari, kwa sababu ya figo za mtoto na maji ya uzazi.

Ni kweli mimba huponya endometriosisi?

Si kweli. Wengine hupata nafuu kwa kuwa hedhi imesimama, na kunyonyesha maziwa ya mama pekee huweza kurefusha nafuu hiyo. Hedhi ikirudi, dalili nyingi hurudi. Hakuna anayepaswa kushauriwa kuzaa ili atibiwe.

Siku ya kwanza kliniki niende na nini?

Daftari la mizunguko mitatu: tarehe, siku za damu, kiwango cha maumivu kutoka 0 hadi 10, na dawa ulizomeza. Ripoti kamili za upasuaji uliopita, si muhtasari wa ruhusa tu, na picha zote. Majibu ya AMH kama unayo. Na mwenzi wako, kwa sababu kipimo cha shahawa hufanywa mapema, baada ya siku 2 hadi 7 bila kumwaga. Mbegu zikiwa chini ya milioni 16 kwa mililita, au zinazosonga mbele zikiwa chini ya asilimia 30, mpango wote hubadilika, na ni vizuri kulijua hilo kabla ovari yako haijapasuliwa.